Walinikalia Kikao kwa Kutaka Kimya

Nilitoka kwenye kundi la ukoo asubuhi moja ya Juni, maji ya chai yakiwa bado jikoni. Sikuwa nimegombana na mtu. Sikuandika neno la kuaga wala la kulaumu. Nilibonyeza palipoandikwa toka, simu ikaniuliza kama nina uhakika, nikaijibu ninao, nikaiacha mezani nikaenda kumimina chai. Kitendo hicho, ambacho hakikunichukua hata muda wa kufunga kamba za viatu, kiliitisha kikao cha ukoo, kikanisafirisha kutoka Mbeya hadi Idodi wakati ambao sikuwa na siku ya kupoteza, na kikanitoza faini. Nimesikia ndugu zangu wakiyasimulia haya kama kichekesho. Mimi bado hayajanichekesha.

Niwaeleze kwanza kundi lenyewe. Lilianzishwa na kaka yangu mkubwa, anayeishi Iringa mjini, tulipomaliza matanga ya baba. Alisema tusipoteane. Nani angepinga? Macho yetu yalikuwa bado mekundu, tukampa namba zetu. Lakini kwetu salamu si kitu cha kurusha ukipita. Huwezi kuingia kwenye nyumba ya Wahehe yenye watu wamejaa ukasema hamjambo wote, ukakaa. Unamfuata kila mmoja, unampa mkono, unamwambia kamwene, unamuuliza za nyumbani, za watoto, za shamba, naye anakuuliza hayo hayo, ndipo unamwendea wa pili. Ni desturi nzuri sana mkiwa chumba kimoja, mikono mnayo na uji uko motoni. Kaka akaichukua nzima nzima akaitia ndani ya simu. Akaagiza kwamba kila asubuhi kila mtu aamkie, na kila aliyeamkiwa aitikie, kwa sababu kunyamaza ni dharau.

Basi kukicha tu, kabla sijafungua jicho la pili, simu inaanza kutetemeka juu ya kabati. Binamu wa Makambako anamwamkia baba mdogo wa Mafinga. Baba mdogo anaitikia, anauliza za mahindi. Shemeji wa Dar anatuma picha ya ua jekundu lenye maneno ya kushukuru kwa siku mpya, na chini yake watu wanaandika amina, mmoja mmoja, amina, amina, amina, mpaka unadhani ibada imeanza na wewe umechelewa. Kisha inakuja dawa ya kisukari ya majani ya mpera. Kisha video ya mhubiri anayefoka, ambayo tumeshaipokea wiki iliyopita kutoka kwa mtu huyo huyo. Kisha mtu anauliza, "Mwalimu wa Mbeya mbona kimya?" Mwalimu wa Mbeya ni mimi. Nilikuwa kimya kwa sababu nilikuwa napiga mswaki.

Na hilo ni kundi moja tu. Mwalimu mkuu wetu ni mtu mwema, lakini tangu apate simu janja amesahau kwamba shule ina kengele ya kufunga. Jioni ninasonga ugali, naye anaandika: Walimu, naomba idadi ya watoto wasio na sweta, leo leo. Chini yake tunatakiwa kuandika nimepokea, sote. Asiyeandika nimepokea kesho yake anaitwa ofisini kuulizwa kama ana tatizo na uongozi. Kuna kundi la jumuiya ya kanisani, la kikoba, la wazazi wa darasa la mwanangu. Kuna kundi la wapangaji wa nyumba tunayokaa pale Ilomba, ambamo tunaulizana kwa maandishi nani hajafagia ua, ilhali milango yetu inatazamana.

Ningevumilia, kama wengi wanavyovumilia, kama nisingekuwa nasoma. Nilikuwa nimejiandikisha shahada ya ualimu kwa njia ya masafa, yaani unabaki kwako na kazi yako, unakwenda kituoni kufanya mitihani tu. Masomo yote niliyavuka isipokuwa moja, takwimu za utafiti. Mara ya kwanza nikaanguka. Nikarudia, ndiyo wanafunzi wanaita sapu, nikaanguka tena. Chuo kikaniambia wazi kwamba safari ya tatu ndiyo ya mwisho. Nikianguka nadisko, nafutwa, na yote niliyokwisha kuyavuka yanakwenda na maji. Mume wangu alianza tu kuosha vyombo bila kuombwa, nikajua kwamba na yeye anaogopa.

Washauri hawakukosekana. "Zima simu, mama." Kana kwamba sikuwa nimewaza hilo! Kitabu chenyewe kilikuwa ndani ya simu. Siku hizi hawakupi kitabu cha karatasi. Notsi zinakuja kwenye simu, mihadhara kwenye simu, mitihani iliyopita kwenye simu, hata tangazo la kwamba kipindi kimeahirishwa linakuja kwenye simu wakati umeshakaa kukisubiri. Nafungua ukurasa wa kutafuta wastani, juu yake inashuka taarifa kwamba shemeji ametuma picha. Naifuta, inashuka nyingine. Aliyebuni kuweka darasa na soko chini ya paa moja, halafu akamwambia mwanafunzi ajitahidi kuwa na nidhamu, ningependa siku moja anisahihishie madaftari ya watoto tisini huku namwimbia sikioni.

Kilichonitisha zaidi si makelele ya nje. Jumapili moja nilikaa na gazeti la karatasi, simu iko chumba cha pili inachaji, nyumba imetulia, nikashindwa kumaliza aya. Macho yalikuwa yanaruka. Nikifika mstari wa tatu, mkono unapapasa mezani wenyewe, unatafuta. Mimi, ambaye nikiwa binti nilisoma kitabu huku nachunga mbuzi mpaka mbuzi wakaingia kwenye mahindi ya watu nikachapwa! Nafundisha darasa la kwanza kusoma, nawaambia watoto wafuate mstari kwa kidole, na siku ile nilikuwa nafuata mstari kwa kidole na bado napotea. Nililia kwa hasira. Nilijiona mtu aliyeibiwa, na mwizi ananitumia maua kila asubuhi.

Nikaamua. Nilipeleka notsi zote steshenari, zikachapwa zikabanwa kwa ule waya wa plastiki, nikabeba kitabu changu kwapani kama mtu anayetoka mnadani na kuku wake. Nikaomba ufunguo wa darasa langu kwa jioni na Jumamosi. Madirisha ya darasa lile hayana vioo vyote, na baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita mnaijua, inapenya mpaka kwenye meno. Nilivaa koti la mume wangu na kofia ya sufu, nikajifunga kitenge miguuni, nikakaa kwenye dawati la mtoto, magoti karibu yaguse kidevu. Ndipo nikatoka kwenye makundi. La shule sikuthubutu, nililinyamazisha tu. Mengine yote nikatoka. Namba yangu sikuibadilisha. Mwenye jambo la maana angenipigia, kama watu walivyokuwa wakipigiana.

Siku za mwanzo kimya kile kiliniuma. Nilisikia mabati yakilia kwa upepo, nikadhani ni simu. Nilinyanyuka kwenda kuangalia kama mlango nimeufunga, nikarudi, nikanyanyuka tena. Halafu jioni moja nikasoma ukurasa mzima, nikaugeuza, nikasoma wa pili. Nikafunga kitabu nikawaeleza madawati matupu kwa sauti namna wastani unavyoweza kumdanganya mtu, nikafungua kuhakiki, nikakuta nimepatia. Nilicheka peke yangu humo ndani. Giza lilipoanza kuingia nilirudi nyumbani nikitembea polepole, nikiogopa kumwaga kile nilichokipata.

Wiki hiyo hiyo kaka akampigia mume wangu. Hakunipigia mimi. Nilikuwa pale pale, natenga chakula, na sauti ya kaka haihitaji spika.

"Shemeji, za huko. Mwenzako tumemkosea nini?"

"Kwani kuna nini, kaka?"

"Ametoka kwenye grupu. Bila kuaga. Wazee wameumia sana huku."

Hapa lazima nieleze, maana mtu wa mahali pengine anaweza kudhani kaka alikuwa amechanganyikiwa. Kwetu mtu akikosana na ukoo hatangazi. Haleti maneno. Anaacha tu kuja. Unatokea msiba, haonekani. Inafika harusi, kiti chake kitupu. Na wazee wanatikisa vichwa wakijua kwamba yule ameshajikata. Basi kutoka kwangu kwenye simu walikusoma kwa macho hayo. Kufikia jioni ilikuwa imeshajulikana Mafinga hadi Makambako kwamba nimekasirikia shamba la mpunga la baba. Sikuwa nimeliwaza shamba lile tangu siku tuliyozika. Wengine wakasema nimeingia dhehebu linalokataza ndugu. Wengine wakasema mume wangu ni mkali, amenikataza watu wa kwetu. Masikini mume wangu, alikuwa amesimama pale ana povu la sabuni mpaka kwenye viwiko.

Nikampokonya simu. "Kaka, ninasoma. Nina mtihani, nikianguka wananifuta."

"Sasa kusoma na grupu vinahusianaje? Mbona mjukuu wa baba mdogo ni daktari na yumo humo humo, na anaamkia?"

"Kaka, nipigie mimi, usimpigie mume wangu."

"Kikao ni Jumamosi, Idodi, kwa shangazi. Usipokuja utakuwa umesema mwenyewe."

Mtihani wangu ulikuwa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Nilizunguka chumbani kama kuku anayetafuta pa kutaga. Nisipokwenda kwenye kikao, nadisko ukoo. Nikienda, pengine nadisko chuo. Mume wangu akasema neno moja la maana. "Nenda. Usipokwenda utakaa na hicho kitabu, utasoma kikao." Ijumaa nikaomba ruhusa shuleni, nikapanda basi la Iringa na kitabu changu mapajani. Basi lilikuwa na runinga, na runinga ilikuwa na filamu ya watu wanaopigana mapanga, kwa sauti ya kuwaamsha wafu. Mwanamume wa pembeni yangu hakutosheka na hiyo, akawa anaangalia vichekesho vyake kwenye simu. Nilimwomba apunguze sauti. Alinitazama kwa mshangao kabisa, kana kwamba nimemwomba avue shati. "Mama, kila mtu na starehe yake," akaniambia. Starehe yangu mimi ilikuwa mapajani, na hakuna aliyeihesabu.

Nyumba ya shangazi iko kando kidogo ya barabara iendayo mbugani, na vumbi la magari ya watalii linaingia mpaka kwenye vyungu. Shangazi ni dada mkubwa wa marehemu baba. Kwetu neno la shangazi ndilo linalofunga jambo. Wanaume wanaweza kuzungumza mchana kutwa, lakini wanajua nani atakayemaliza. Ana simu ya kitochi iliyofungwa kwa mpira, anayoipigia kelele kana kwamba mtu wa upande wa pili yuko ng'ambo ya mto. Hakuwahi kujua kusoma. Hata hivyo kaka alimwandika kuwa mlezi wa kundi, na ndugu yeyote aliye karibu ndiye anayemsomea. Nilipofika nilipiga goti, nikampa mkono.

"Kamwene, shangazi."

Hakuupokea. "Kumbe unajua kuamkia," akasema, akageukia kuku wake.

Kikao kilikaa uani nyuma ya jiko. Walikuwa wameazima viti vya plastiki vya kanisani. Ndugu wa Dar ambao hawakuweza kuja walihudhuria kwa simu. Kaka aliitumbukiza simu yake ya pili ndani ya kikombe cha bati ili sauti ikue, akakiweka kikombe juu ya kinu, katikati ya watu, nasi tukawa tunakigeukia kikombe kila kikizungumza. Kaka alifungua kwa sala. Baadaye nilikuja kuiona picha ya watu wote tumeinamisha vichwa, nikajiuliza yeye alikuwa anasali kwa jicho gani.

Mashitaka yakasomwa. Nimeondoka bila kuaga. Nimewavunjia heshima wazee. Nimewafanya watu wa nje waone kuna ufa. Baba mdogo akasema, "Mimi na uzee huu huwa nalisoma grupu mpaka mwisho. Wewe mwalimu linakushindaje?" Kikombe kikasema, "Sisi wa Dar tunaomba aombe radhi kwa voisi, ili na walioko safarini wasikie." Wakati wote huo nusu ya wajumbe walikuwa wameinama, vidole vinapanda na kushuka. Binamu mmoja alicheka peke yake katikati ya maneno ya baba mdogo, akaomba samahani, akaendelea kuangalia alichokuwa anaangalia. Hao ndio waliokuwa wananihukumu kwa kutokuwapo.

Nilieleza kwa upole. Nilisema mtihani, nilisema mara ya tatu, nilisema kufutwa. Kaka akasema watoto wa siku hizi wanasoma na simu masikioni na wanafaulu. Nikaeleza tena. Kikombe kikaomba nirudie, mtandao ulikatika. Hapo uvumilivu ukaniishia.

"Mnataka nini kwangu?" nikauliza, na nilikuwa nimesimama bila kujua. "Nani hapa alifiwa mimi sikuja? Nani alilazwa nisije na uji? Mmeniita nimekuja, nimeacha kitabu nimekuja! Naomba kimya cha siku chache nimalize nilichokianza, nanyi mnanikalia kikao kama niliyeiba ng'ombe!"

"Shusha sauti," kaka akasema. "Unaongea na wazee."

Nikakaa. Nikaomba radhi, maana ndivyo nilivyolelewa, lakini mikono nikaikalia.

Tangu mwanzo shangazi alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, hatazami mtu. Akauliza, bado hatazami, "Huo mtihani ukikushinda?"

"Wananifuta, shangazi."

"Wanakufuta wapi?"

"Shuleni. Yote niliyosoma yanakuwa bure. Sirudi tena."

"Hurudi?"

"Sirudi."

Akaweka ungo chini. "Zimeni hayo madude," akasema. Watu wakatazamana, kila mmoja akisubiri mwenzake aanze. Shangazi akanyanyuka, akachukua sahani, akakifunika kile kikombe. Ukoo wa Dar ukasikika kwa mbali ukiuliza, haloo, mnatusikia?

"Mimi nilikuwa darasa la pili," shangazi akasema. "Nilikuwa nimeshaanza kujua jina langu. Akazaliwa baba yenu, mama akaumwa. Wakaniambia kaa nyumbani, mbebe huyu. Nikambeba. Akanikojolea mgongoni, akakua, akaenda shule yeye, akawasomesha ninyi nyote mliokaa hapa na miwani. Niliambiwa nitarudi. Sikurudi. Haya, niambieni, mimi nilipotolewa shule kilikaa kikao gani? Nani aliita watu? Nani aliniuliza nimekosewa nini?"

Gari la watalii lilipita barabarani, vumbi likatufikia, hakuna aliyejifunika.

"Leo mtoto katoka kwenye simu, mmeazima viti vya kanisa."

Baba mdogo alikohoa. Akakumbusha, kwa sauti ndogo, kwamba pamoja na yote desturi ipo, na anayeitiwa kikao haondoki mikono mitupu. Zamani faini ilikuwa kuku na pombe. Tangu wengi wao waokoke ni kuku na kreti la soda. Shangazi akasema faini nitalipa, desturi ni desturi, lakini nitalipa nikishafaulu. "Na mpaka siku hiyo atakayemsumbua atanilipa mimi." Sitasema nilishukuru. Nilikuwa bado na hasira, na nilikuwa na hasira hata na hiyo faini ya huruma. Mtu atozwe soda kwa kunyamaza!

Kosta, basi dogo la kurudi mjini, ilikuwa ya alfajiri ya kesho yake. Jioni iliyobaki shangazi aliniingiza stoo kwake, katikati ya magunia ya mpunga, penye kidirisha kimoja kinachotazama magharibi. Aliweka kigoda mlangoni akakaa na fimbo yake ya kufukuzia kuku. Nilimsikia akiwajibu waliokuja kuniaga. "Anasoma." Anakuja mwingine. "Anasoma." Kaka alikuja akitaka picha ya pamoja ya upatanisho. "Anasoma. Kampige picha mbuzi," akamwambia. Nilisoma mpaka kidirisha kikawa cheusi, na sura niliyoimaliza mle ndani ndiyo iliyokuja kutoka kwenye mtihani.

Alhamisi nikaingia. Katikati ya mtihani simu ya msimamizi ililia, wimbo mzima, naye akaipokea humo humo akasema siwezi kuongea niko kwenye mtihani, halafu akaongea. Wenzangu waliguna. Mimi sikuinua kichwa. Matokeo yalipotoka nilikuwa nimepata C. Si ya kujivunia mbele za watu, lakini C hairudiwi, na mume wangu alikaa chini sakafuni jikoni akacheka mpaka akashika ubavu.

Kaka aliyajua matokeo yangu kabla sijamwambia, sijui kwa nani. Akanirudisha kwenye kundi bila kuniuliza, na hongera zikaanza kumiminika, na maua, na amina. Akanipigia, safari hii mimi mwenyewe. "Unaona sasa?" akasema kwa furaha ya kweli. "Tulikuombea kwenye grupu kila asubuhi." Walinivuruga kila asubuhi, na sasa kufaulu kwangu kulikuwa kazi ya mikono yao. Nikamwambia asante, kaka, kwa sababu mama alinilea, nikaenda uani kupasua kuni ambazo hatukuwa na haja nazo.

Likizo ya Desemba nikapeleka faini. Kreti nililinunua Iringa mjini, kuku nikamnunua pale pale Idodi. Watu wakaja, wengi kuliko siku ya kikao, wakakaa uani wakafungua soda. Kaka alilipiga picha kreti likiwa limejaa, akalipiga tena likiwa tupu nusu, akawatumia wa Dar. Nilikuwa nagawa vipande vya kuku shangazi aliponishika mkono akanivuta hadi stoo. Soda yake alikuwa hajaigusa.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza, shangazi."

"Hawakurudishi nyuma tena?"

"Hapana. Imekwisha."

Akaitikia kwa kichwa. Akatazama magunia, akatazama mlango. "Basi mimi nianze lini?"

Sikumwelewa kwa haraka. Nilipomwelewa, hasira iliyonipanda ilikuwa kubwa kuliko ile ya kikao, na haikuwa na mtu mmoja wa kumshukia. Ukoo wetu una walimu watatu. Kila likizo tunakuja hapa, tunakula mchele wake, tunamsomea kopo la dawa, tunamsomea Biblia jioni, tunamsomea salamu za simu, tunamwita mlezi wa kundi ambalo hawezi kusoma herufi yake hata moja. Tumekaa vikao vya mashamba, vya posa, vya makaburi, na kimoja cha mtu kutoka kwenye simu. Miaka yote hiyo alikuwa bado yuko darasa la pili, anasubiri arudishwe, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza.

"Leo," nikamwambia. "Tunaanza leo."

Mkoba wa mwalimu haukosi chaki. Nilipapasa ndani ya wangu, niliouweka humo stoo, nikapata kipande, nikafunga mlango wa stoo, nikaandika kwa nyuma ya mlango herufi ya kwanza ya jina lake, kubwa, kama ninavyowaandikia watoto. Akaisogelea, akaigusa kwa kidole, akasema hii naikumbuka. Uani kaka alikuwa ananiita. Mwalimu wa Mbeya uko wapi, njoo kwenye picha, watu wanasubiri! Akagonga mlango. Nilifungua mdomo, lakini shangazi alinitangulia, kwa sauti ile anayofukuzia kuku.

"Tunasoma," akamwambia.